Maganda ya Ndizi Ndani ya Difu

Elpidius alijifunza ufundi jeshini, wakati wa vita vya Burma. Aliporudi Karagwe, watu wa Omurushaka walisema hakuna gari linaloweza kumficha ugonjwa wake. Mwaka 1954 alikuwa fundi wa Gosbert, mfanyabiashara kutoka Bukoba, aliyekuwa na gari moja kuukuu la jeshi lililochakazwa na njia za milimani.

Gari hilo lilikuwa likilia nyuma. Kwanza lilivuma kama nyuki, baadaye likaanza kusaga. Elpidius alipofungua difu, lile bonge la chuma katikati ya ekseli linalogawa nguvu kwa magurudumu, oili ilitoka nyeusi, ikimetameta kwa chembe za chuma. Meno ya gia yalikuwa yameliwa mpaka kwenye shina.

"Hili lisitembee tena, tajiri," alisema. "Breki ya mkono inashika shafti inayoingia kwenye difu, haishiki magurudumu. Meno haya yakikatika likiwa limeegeshwa mlimani, hakuna kitakacholizuia."

Gosbert hakubisha. "Kesho kutwa Cassian wa Isingiro anakuja kulinunua. Tia maganda ya ndizi ndani, lisilie."

Hila hiyo mafundi waliijua. Maganda yakisagika pamoja na oili nzito, gia hunyamaza kwa siku chache. Elpidius alikuwa na watoto wanne na hakuwa na kazi nyingine. Akatia maganda, akakaza boliti.

Cassian, mkulima wa kahawa, alilijaribu mpaka Rugera na kurudi. "Limetulia kama kondoo!" alisema, akamshika Elpidius mkono kwa mikono yake miwili, akamshukuru. Elpidius hakuweza kumtazama usoni.

Siku ya nne, asubuhi, akaazima baiskeli akaelekea Isingiro. Alipokaribia, akaona matone ya oili yakifuatana katikati ya njia. Akashuka, akayasugua kwa vidole. Chuma kikamchoma. Akapanda tena, akakanyaga pedali kwa nguvu zake zote.

Alilikuta gari limeegeshwa juu ya mteremko, limesheheni magunia. Chini ya mteremko huo wanawake walikuwa wakianua kahawa kwenye mikeka, Cassian yuko katikati yao.

"Ondokeni hapo!" alipiga kelele. "Cassian, ondoa watu!"

Cassian alicheka kwa mshangao. "Karibu, fundi! Kuna nini?"

Ndani ya ekseli kitu kikakatika: ka! Gari likaanza kuteremka polepole, kimya. Elpidius akanyakua jiwe, akalisukuma chini ya gurudumu la mbele. Gurudumu likapanda jiwe, likapanda na mkono wake, kisha gari likapinda, likalalia migomba. Hakuna mwingine aliyeumia.

Hospitalini walimkata vidole vitatu. Cassian alikuja kumwona, akaketi kando ya kitanda.

"Pole sana, ndugu yangu. Lakini ulijuaje?"

Elpidius akamweleza yote, hata yale maganda.

"Mke wangu alikuwa ameinama kwenye ule mkeka wa mbele," alisema Cassian. Akainuka, akatoka.

Elpidius hakurudi kwa Gosbert. Alifungua kibanda chake, mkewe Deodatha akimshikia spana, na kila difu aliifungua mbele ya macho ya mwenye gari. Wateja alipata. Lakini watu wa Isingiro, hata magari yao yalipokufa mlangoni pake, waliyavuta kwa kamba kwenda kwa fundi mwingine.