Unachotaka Kukiacha

Kitu ukikiacha, kinabaki au kinapotea?

Jana, dukani Al Ras, mtaa wa viungo katika mji ambako Mama alifanya kazi za ndani, muuzaji alifungua gunia la shamari, nikakumbuka mkate mtamu wa madam aliyemwajiri Mama. Wakati huo nikiwa mtoto, nilikuwa nimekuja kumtembelea Mama kwa viza ya mwezi mmoja, na zilibaki siku tatu nirudi kwa Nyanya. Madam alitoka Katalunya, Uhispania, ambako mkesha wa Yohane Mbatizaji watu huwasha moto na kuuruka. Basi usiku wa mkesha huo akawasha jiko la mkaa uani, akatugawia karatasi. Sir, mumewe, aliliruka lile jiko.

"Akiunguza hiyo suruali, mimi sishoni," Mama alininong'oneza.

Madam alieleza kwa Kiingereza, Mama akanitafsiria: "Andika kitu unachotaka kukiacha, kisha ukitupe motoni."

Niliandika jina langu. Mama alilisoma.

"Mbona umejiandika wewe?"

"Si umesema ninachotaka kukiacha? Nataka niachwe hapa."

"Kukiacha ni kuachana nacho, mwanangu."

"Lakini wewe ndiye uliyetafsiri."

Alicheka, akaichukua karatasi, akaniambia anatupa zote mbili pamoja, yangu na yake. Kitu kikashika moto. Nilijipapasa mikono, nikakuta bado nipo, nikaomba kipande kingine cha mkate.

Miaka mingi baadaye, nikimsaidia Mama kufungasha arudi nyumbani, niliikuta karatasi yenye jina langu nyuma ya kitambulisho chake cha ukaazi. Iliyoungua ilikuwa yake peke yake, na aliniambia hakuwa ameandika kitu.