Plagi Niliyoichonga

Nyumbani kwetu Kitale, plagi haikuwahi kutushinda. Plagi ya redio ikiwa na miguu miwili na soketi ya ukutani ina matundu matatu, ulisukuma kifuniko cha kalamu kwenye tundu la juu, matundu ya chini yakafunguka, plagi ikaingia. Mke wangu aliweza kufanya hivyo kwa mkono mmoja, mwingine ukikoroga uji. Nikazeeka nikiamini kwamba hakuna plagi inayokataa kabisa, ila watu wasiojua kuibembeleza.

Imani hiyo nusura ifunge duka la mtu Bungoma.

Ilikuwa miaka ya elfu mbili, nami nimestaafu na kuanza kuhariri video za harusi. Kompyuta yangu ilikuwa nzito: ukitaka maua yamzunguke bibi harusi, ua la pili tu inakwama. Nikaambiwa dawa yake ni kadi ya picha. Niliipata Bungoma, kwa msichana aliyetoka chuoni na kufungua duka la kompyuta majuma matatu tu kabla. Alikuwa bado hajapata hata kibao cha mlangoni. Jina lake kwa wateja ndilo lilikuwa mtaji wake wote.

"Baba," aliniambia akinifungia boksi, "hii kadi inakula stima sana. Iko na soketi yake kwa pembeni. Kama pawa saplai yako, ile ya kugawa stima ndani, haina waya ya hiyo soketi, adapta iko hapa chini ya sponji."

"Najua," nikamjibu. Sikujua.

Nyumbani niliikuta hiyo soketi, matundu sita madogo. Ndani ya kompyuta kulikuwa na plagi ya matundu manne ikining'inia bila kazi, waya mbili za njano na mbili nyeusi. Ilitaka kuingia, ila kona zake mbili zilikuwa za mraba mahali soketi ilipotaka mviringo. Nikachukua kisu cha kukatia mboga ya sukuma wiki. Nikachonga, nikajaribu, nikachonga tena, hadi ikaingia na kulia "ka!" Nilifurahi kama fundi aliyemaliza mlango. Mke wangu naye alifurahia boksi; akaliona lina sponji nzuri, akapanga mayai humo.

Nikawasha. Feni ikazunguka nusu duara, ikasimama. Nikawasha tena, ikashtuka, ikanyamaza. Nilipoitoa kadi, kompyuta ikawaka vizuri kabisa. Basi, nikakata kesi hapo hapo: kadi ni mfu, na aliyeniuzia alijua.

Jumamosi niliirudisha Bungoma. Dukani mlikuwa na mwalimu mmoja kutoka Ndalu na wakulima wawili waliokuja kuuliza bei.

"Umeniuzia maiti!" nikasema kabla ya salamu.

"Baba, niachie niipime. Ulitumia ile adapta?"

"Usinifundishe waya! Mimi nimetengeneza redio kabla mama yako hajazaliwa."

"Sawa, lakini si unipatie tu nione..."

Sikumpatia. Nilijua akiuliza mara ya pili nitalazimika kusema kwamba sijui adapta inafananaje. Nikaipakata kadi yangu, nikawageukia wale wageni: "Tafuteni duka lingine." Wakulima wakatoka nami. Mwalimu akafuata, akitazama chini. Kesho yake, baada ya ibada, nikawatangazia pia waumini wa Kitale. Watu walinisikiliza, mvi zina sauti yake.

Siku ya tatu mke wangu alitoa mayai ya mwisho boksini, akainua sponji.

"Baba watoto, hii kamba yenye vichwa vitatu ni ya nini?"

Ilikuwa adapta. Kichwa kimoja kilikuwa na matundu sita. Viwili vilikuwa vipana, vya kuingia kwenye plagi zile kubwa zinazolisha diski. Chini yake kulikuwa na karatasi iliyochorwa plagi kama yangu, na juu ya mchoro huo msalaba mkubwa. Nilisoma hadi kidato cha nne; kusoma karatasi kusingenishinda. Nilisoma yote, nikiwa nimesimama.

Kwenye plagi niliyoichonga, waya za njano hukaa upande wa kibanio, kile kinachoishika isichomoke. Kwenye soketi ya kadi, upande huo ni wa nyeusi. Nilikuwa nimeingiza umeme kwa mlango wa kutokea. Pawa saplai ilikuwa na akili kuliko mimi, ikajizima. Na zile kona zilitengenezwa hivyo makusudi, ili mtu kama mimi ashindwe.

"Na ulimtukana mtoto wa watu," mke wangu akasema. Akanipa koti.

Nilimkuta msichana peke yake dukani, akifuma kitambaa cha meza. Nikaweka juu ya kaunta kadi, adapta na plagi yangu, niliyoikata pamoja na waya zake. Aliigeuza ile plagi taratibu.

"Nani alichonga hii?"

"Mimi."

"Na nini?"

"Kisu cha mboga."

Alijaribu kukaza uso, akashindwa, akacheka hadi akaegemea rafu. Kisha akaifunga kadi kwenye kompyuta yake, akaipa umeme kwa adapta. Feni ikaimba bila kusita.

"Nisamehe, mama," nikasema.

"Nimekusamehe, baba. Lakini ulinichafua mbele ya watu, na hapa tuko wawili tu. Kuja Jumamosi ya wiki ijayo, usimame palepale uliposimama."

Nilianza na Kitale, Jumapili, nikayarudisha maneno yangu mbele ya waumini wale wale. Jumamosi iliyofuata nikasimama kauntani. Mwalimu wa Ndalu alikuja, maana nilikuwa nimemfuata hadi shuleni kwake kumwomba. Mkulima mmoja naye alikuja, wa pili hakuja tena. Kwa ajili ya huyo namwomba Mungu msamaha hadi leo. Nikainua plagi yangu, nikaeleza kisu, kona, rangi na mlango wa kutokea.

"Na mbona adapta iko na vichwa viwili vya kula?" mkulima akauliza.

"Hiyo ni plau ya ng'ombe wawili," nikamwambia. "Kila kichwa kichukue kwa mstari wake kutoka pawa saplai. Ukivichomeka vyote kwa mstari mmoja, umemfunga ng'ombe mmoja na kivuli chake."

"Kwa hivyo kadi haikuwa na makosa, bana? Kosa ilikuwa wewe?"

"Kosa lilikuwa mimi."

"Ati na kisu ya sukuma!" Akapiga paja.

Mwalimu aliomba kadi ya kompyuta ya shule. Msichana akaleta boksi, akaliweka mbele yangu badala ya mbele ya mwalimu.

"Adapta iko?" mwalimu akauliza.

"Muulize mzee," akasema, akarudi kwenye kitambaa chake.

Nikainua sponji.