Hodi Kwenye Ukuta wa Matundu

Siku ya kwanza nilipotumwa Bagamoyo kikazi, nilirudishwa nje kama mtoto aliyeingia sebuleni na matope miguuni.

Nilikuwa nimemaliza chuo, nina shahada ya usanifu majengo, na nilikuwa katika miezi ya majaribio kwenye ofisi ndogo ya wasanifu. Kazi yangu ya kwanza ya peke yangu ilikuwa kuandika ripoti ya jengo moja la serikali pale Dunda, la zege, ghorofa moja, lililojengwa miaka ya mwanzo ya uhuru. Upande wake wa kushoto ulikuwa umeshazibwa kwa vioo na kutiwa viyoyozi. Ripoti ilitakiwa iseme kama upande wa kulia nao, wenye baraza na ukuta wa tofali za matundu, uzibwe vivyo hivyo. Bosi wangu jibu alikuwa nalo tayari.

"Andika uzibwe," aliniambia. "Usiende kutunga insha."

Mimi ni mtu wa kutunga insha. Njia nzima kutoka Kerege, ninakoishi kwa shangazi, nilikuwa nikipanga namna ya kumsalimia mlinzi. Akiwa rika langu nikampa shikamoo, atadhani namkejeli. Akiwa mkubwa nikamwambia mambo, kazi imeharibika kabla haijaanza. Kumbe mlinzi hakuwepo. Nilifurahi kupita kiasi, nikapitiliza hadi masjala, chumba cha kutunzia majalada, nikasimama mbele ya meza.

Mama wa masjala alikuwa amejitanda ushungi wa kahawia, miwani yake imefungwa kwa uzi. Hakuinua macho.

"Binti, umepitia wapi?"

"Mlangoni, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Na hodi umeiacha wapi?"

"Mlango ulikuwa wazi."

"Kuwa wazi ndiyo umekaribishwa? Kwenu mnaingiaje, kama paka? Hebu rudi nje."

Nikarudi nje. Watu waliokaa barazani wakasogea pembeni kunipa nafasi, kwa huruma ambayo ilinichoma zaidi. Nikakaa, nikageukia ukuta ili wasinione uso, na kwa sauti ya mtu anayeomba radhi nikasema hodi.

"Karibu," ilijibu sauti ya yule mama kupitia matundu, karibu kabisa na sikio langu.

Ilinichukua siku mbili kuelewa kilichokuwa kimetokea. Katika daftari langu nilikuwa nimeshaorodhesha makosa: jengo limeipa barabara kisogo, mlango mkuu hauonekani, chumba cha kusubiria kina viti vitupu na watu wamejaa nje, mpango mbovu. Nikaanza kufuta, moja baada ya jingine. Jengo limeipa barabara kisogo kwa kuwa limeielekezea bahari uso, upepo uingie wote. Ghorofa ya juu imetokeza mbele kama ukingo wa kofia, hivyo baraza liko kivulini tangu asubuhi. Baraza lenyewe linafuata ukuta wote, zege tupu, lililosuguliwa na makalio ya watu hadi likang'aa kuliko sakafu ya terazo ya ndani. Aliyelichora hakuweka nakshi hata moja, lakini nina hakika alizitembelea nyumba za Mji Mkongwe. Alichukua kile wanachokalia watu, akaacha kile wanachokipiga picha.

Na ule ukuta wa matundu haukuleta upepo peke yake. Ulipitisha hodi. Mtu alikaa nje, akapumua, akasema hodi bila kusimama, na karani akamjibu bila kuacha kalamu.

Nikaenda upande wa vioo kulinganisha. Baba mmoja wa Mlingotini, aliyekuja kufuatilia hati ya shamba lake la minazi, alisimama mbele ya mlango wa kioo na bahasha mkononi. Akapiga hodi. Ndani, karani alikuwa ameupa mlango mgongo, kiyoyozi kinavuma. Akapiga ya pili, akangoja. Ya tatu, akageuka kuondoka.

Nilimkimbilia. "Shikamoo, baba. Mbona hukusukuma tu mlango?"

"Marahaba. Nimepiga tatu, mwanangu. Ya nne nipige, mimi polisi?"

Hapo ndipo hofu yangu ilipoanza hasa. Hodi unaiandika katika sura gani ya ripoti ya kiufundi? Kichwani nilimwona bosi akicheka, nikaona miezi yangu ya majaribio ikiishia kwenye kicheko hicho. Basi niliandika ripoti mbili. Moja ilisema uzibwe, ya pili ilisema usizibwe, na siku ya kikao zote zilikuwa kwenye mkoba wangu.

Kikao kilifanyika upande wa vioo. Walikuwepo mkuu wa ofisi ile, ambaye ni mtu mzima wa papo hapo Bagamoyo, pamoja na bosi wangu, na mama wa masjala aliyeitwa kuandika muhtasari. Bosi akasema, "Haya, mwenzetu, tumalize." Nikaingiza mkono mkobani. Mama wa masjala akanitazama juu ya miwani. Nikatoa ya pili.

Nikaanza kusoma. Nilipofika kwenye hodi, bosi alicheka kama nilivyojua atacheka.

"Hodi? Sasa tupime hodi kwa futi?"

Sijui ujasiri ulitoka wapi. Nikamgeukia mkuu wa ofisi. "Samahani, mzee. Ungetoka nje, mlango ufungwe, kisha upige hodi."

Alitabasamu, akatoka. Mlango ukajifunga. Tukaona midomo yake ikicheza nyuma ya kioo. Kiyoyozi kiliendelea kuvuma. Akangoja, akarudia. Akangoja tena. Baada ya hodi ya tatu aligeuka, akashuka ngazi.

Tulingoja arudi; hakurudi.

"Kaondoka huyo," alisema mama wa masjala, na kalamu ikamwanguka kwa kucheka.

Ilibidi nimfuate hadi uwanjani. Aliporudi alikuwa bado anajishangaa, maana miguu yake ilikuwa imeamua yenyewe. Alivuta kiti, akasema, "Mimi siku zote nilidhani upande huu hauna foleni kwa sababu kazi inakwenda haraka."

Iliamuliwa palepale. Baraza na matundu vibaki, na vioo vya upande wa kushoto ving'olewe, tofali za matundu zifyatuliwe upya kwa kipimo kilekile. Tulikuwa njiani kurudi, karibu na Kerege, bosi aliponigeukia. "Ile insha," akauliza, "uliitunga lini?"

Mafundi walipoanza kazi alikuja nami kukagua. Alitembea mbele kwa hatua zake ndefu, mlango wa masjala ukiwa wazi kabisa. Alipofika barazani akasimama. Akakohoa kidogo.

"Hodi," alisema bosi wangu.

Mama wa masjala alimwacha angoje. Kisha akamkaribisha.