Chai ya Dang'a

Miaka ya sitini, nikitoka tu Form Four, nilijiona nimewapita akili wazee wote wa Mundika. Upumbavu mtupu. Ng'ombe wetu alizaa siku ambayo baba na shangazi wa mchumba wangu walikuja kutoka Angurai kuniona. Mama alinionya kwamba dang'a, yale maziwa ya kwanza, ni ya ndama. Nikamcheka, nikakamua yote, nikapika chai mwenyewe.

Ilipochemka ikaganda mabonge ya manjano. Nikaimimina hivyo hivyo.

"Form Four," mzee akachungulia kikombe, "umetupikia mayai?"

Nje ndama akalia kwa njaa. Shangazi hakucheka.

"Ikiwa kijana huyu amemnyang'anya ndama wa leo maziwa, mtoto wa binti yetu atanyonya nini?"

Nilisimama na birika mkononi.