Kiungulia cha Fundi Viatu

Fundi viatu wetu ameinama tangu ujana wake. Kigoda chake ni kifupi, magoti yanamfika kifuani, na kiatu anakibana katikati ya mapaja huku akigonga. Misumari midogo alikuwa akiiweka mdomoni, kumi na tano, ishirini kwa mkupuo, akiisukuma mmoja mmoja kwa ulimi. Ndiyo maana tangu asubuhi alikuwa hali kitu. Utatafunaje na misumari mdomoni? Alingoja mchana, mkewe akaleta sahani imejaa pomoni, akaimaliza kabla mimi, jirani yake, sijapata pa kukaa. Kisha akakaza mkanda, akainama tena.

Miaka nenda, miaka rudi. Mwaka jana ndipo moto ulipoanza. Kifua kinawaka, kitu kichungu kinapanda hadi kooni. Akanyamaza nao. Akawa anakunywa soda, maana akicheua alipata nafuu kidogo, halafu moto unarudi na nduguze. Kimoyomoyo alishaamua kuwa huo ni ugonjwa wa moyo na kigoda ndiyo basi tena. Shemeji yake alikuwa amemtafutia kazi ya kulinda geti. Yeye, aliyekuwa akiicheka kazi hiyo, akaanza kupangusa nyundo zake kama mtu anayeaga.

Mkewe ndiye aliyemburuta zahanati, nami nikawasindikiza. Muuguzi, mama mtu mzima, akampima, akamsikiliza moyo, kisha akautazama ule mkanda.

“Baba, moyo wako mzima. Hiki ni kiungulia. Huo mkanda ni wa suruali au wa kufungia mzigo?”

Mkewe akacheka hadi akakohoa.

“Ulegeze. Kula kidogo kidogo, siyo kujijaza mara moja kama gunia. Ukishakula usiiname wala usilale, zipite kwanza saa mbili, tatu hivi. Kitanda kiinue kwa matofali upande wa kichwa. Na soda uache.”

“Mama, nisiiname? Mimi fundi viatu!”

“Shauri yako, baba.”

Njiani akawa ananung’unika. Sikumlaumu, kuacha mazoea ya miaka thelathini kunachosha kuliko kazi yenyewe. Misumari akaihamishia kwenye kopo, na sasa kwa kila msumari mkono unakwenda, unarudi. Viatu vya kumalizika saa nne vinafika adhuhuri. Anatafuna kidogo asubuhi, kidogo mchana, bila raha. Akishakula anasimama kwenye meza, anapaka rangi na kung’arisha. Moto umepungua, ingawa haujaisha.

Juzi nilimkuta ndiyo kwanza amekula, ameegemea nguzo. Akaja mteja mmoja, kisigino cha kiatu chake mkononi.

“Mzee, nigongee hiki, nina haraka.”

“Nimekula sasa hivi. Njoo saa tisa.”

“Dakika tano tu! Zamani si ulikuwa umeme wewe?”

“Zamani.”

“Basi naenda kwa mwenzako wa stendi.”

Fundi akakitazama kigoda. Nilidhani atakaa. Akajishika kiuno, akashusha pumzi.

“Nenda tu, mwanangu. Yule ana mkono mzuri.”

Mteja akaondoka akichechemea. Fundi akamsindikiza kwa macho mpaka akakata kona.

“Huyo nilimshonea viatu vyake vya shule,” akasema, akaegemea tena nguzo.