Halvdan na Kitabu cha Hitilafu

Mdogo wangu Halvdan Myrnes alirusha ndege ndogo za pwani ya kaskazini mwa Norway kwa miaka kumi na tisa. Aliwabeba wavuvi, walimu, wajawazito waliokaribia siku zao na wagonjwa wa hospitali ya Bodø, mji wa bara. Mimi nilifanya kazi katika kiwanja cha kisiwani kwetu, ambako watu wanne tunauza kahawa, tunapakia mizigo, na kuvaa nguo za zimamoto ndege ikitua. Alikuwa mpole. Hata mkate wa kula amesimama aliuombea kwanza.

Kila ndege ina kitabu cha hitilafu. Rubani akiandika kosa humo, ndege hairuki mpaka fundi atie saini, na kisiwani hatuna fundi. Kwa hiyo marubani walikuwa na desturi: kosa waliambiana kwa mdomo, wakaliandika jioni Bodø, waliko mafundi. Hakuna aliyeiona kuwa dhambi. Ndege ikilala kwetu, mgonjwa naye analala.

Februari ile mtambo unaoiongoza ndege bila mkono wa rubani ulianza vituko. Marubani waliubatiza Oskar.

"Oskar kalewa tena," Halvdan aliniambia Jumatatu. "Kainamisha pua ya ndege bila kutumwa."

"Umeandika?"

"Bodø walimpima, wakasema mzima. Akifika kwa daktari anajifanya mtakatifu."

Jumatano ikatokea mara mbili. Hakutania tena.

Alhamisi asubuhi mawingu yalikuwa yamekalia mnara. Alishuka akikunja na kukunjua vidole.

"Leo amening'ang'ania, dada. Nimevuta usukani kwa mikono yote miwili ndipo akaachia."

"Andika sasa hivi. Hapahapa."

Akatazama benchi alipoketi Bibi Gunvor, jirani yetu, aliyekuwa akienda kusafishwa damu hospitalini Bodø. Upepo ulikuwa umeshamkosesha zamu moja, na miguu yake ilikuwa imevimba.

"Nikiandika, huyu haendi. Nitamzima Oskar, nishike mwenyewe. Bodø naandika, nakuapia."

"Mnanong'ona nini nyie?" Bibi Gunvor akauliza. "Kama ni uzito wangu, semeni tu."

Tukacheka wote watatu. Simu ilikuwa mbele yangu. Ningeweza kuwapigia Bodø mimi mwenyewe. Nikachukua mkoba wa bibi, nikampeleka ndegeni.

Ndege ilianguka ikikaribia kutua Bodø, wakafa wote tisa waliokuwamo. Kinasa sauti kilionyesha kwamba aliwasha mtambo dakika mbili tu, ili yeye na rubani mwenzake wasome maelekezo ya kutua katika theluji. Pua ikainama. Safari hii haukuachia.

Mchunguzi wa ajali alipokuja, ukurasa wa siku ile ulikuwa mtupu. Alitaka kujua kama kuna mtu aliyejua.

Ragnfrid, mke wa Halvdan, alinifuata jikoni kabla sijaitwa.

"Wifi, usiseme. Wanangu watakuwa watoto wa muuaji."

"Alitaka kumsaidia yule bibi."

"Basi mwache alale na wema wake."

Nilisali siku mbili. Nilimsihi Mungu anipe ruhusa ya kunyamaza; sikuipata. Nikasema yote: desturi, Oskar, kiapo cha mdogo wangu, na simu ambayo sikuinyanyua.

Ragnfrid sasa huketi upande mwingine wa kanisa na watoto wake. Wiki iliyopita rubani aliandika kosa hapahapa kwetu. Ndege ililala siku mbili, na mzee mmoja aliyekwama akaniuliza kama nimeridhika. Nilimtafutia blanketi.