Mashine Inayoshikilia Paa

Kwetu, mtu akifa, lazima mmoja asimame mbele ya watu kwenye matanga aeleze kifo kilivyokuja. Anasema ugonjwa ulianzia wapi, mgonjwa alipelekwa hospitali gani, alisema nini mwishoni. Mjane hasemi. Mjane anakaa chini kwenye godoro, kichwa kimefunikwa, anasikiliza kama wageni.

Siku ya mume wangu, aliyesimama alikuwa patroni wake, mwajiri wake mnunuzi wa vyuma chakavu. Ndiye aliyenunua sanduku, na sanduku lilikuwa zuri, kwa hiyo watu walimpa nafasi ya kusema. Alivaa koti jeusi na kushika leso mkononi.

"Ndugu yetu alikuwa fundi," alisema. "Hakuna mutu wa kukata chuma sawa yeye mu Goma muzima. Lakini pombe, bandugu. Pombe! Ile asubui alikuja amelewa. Nikamukataza, akakatala. Akaingia, paa ikamuangukia."

Watu wakaguna. Mama mmoja nyuma yangu akasema, "Bwana Yesu." Mama mkwe wangu, aliyekuwa amefika kutoka Butembo baada ya safari ndefu, aliinamisha uso. Mume wangu alikunywa chupa moja Noeli, na chupa moja mtoto wa ndugu akibatizwa, kisha alilala kwenye kiti. Mama yake alijua hivyo. Lakini alirudi Butembo na neno mulevi, kwa sababu lilisemwa mahali ambapo kifo husemewa, na hakuna aliyesimama kulikanusha. Mimi nilikuwa kwenye godoro.

Baada ya matanga alikuja mtu wa chukudu, mmoja wa wale wanaosukuma mizigo kwa magurudumu ya mbao. Aliniletea unga. Alikaa mlangoni bila kuingia, akaniambia yaliyotokea, akaniomba nisiseme ni yeye, maana bado alikuwa akibeba mizigo ya patroni huyo huyo.

Wakataji wa chuma wana desturi yao. Hawakati nguzo kabla ya kusimamisha miti ya mikaratusi chini ya paa, ili chuma kikitoka, miti ibaki na uzito. Siku ile miti ilikuwa kwenye chukudu, inapanda kutoka sokoni. Mume wangu alitaka kuingoja. Patroni alikuwa amekodi kamio, yaani lori, kwa siku moja, na lori lilikuwa limesimama pale tupu.

"Nilipofika na miti, mama, paa ilikuwa tayari chini," mtu wa chukudu alisema. "Patroni alikuwa nje ya ukuta, anapigapiga telefone."

Jumapili ya kwanza niliyoweza kutoka nyumbani, nilikwenda pale baada ya misa. Ni nyumba ya pampu ya zamani, kando ya ziwa, iliyoachwa tangu siku ambazo hata wazee wanazisimulia kwa kusikia tu. Kuta ni za mawe ya lava. Ndani kulikuwa na mabomba manene yaliyokuwa yakivuta maji, sasa yamekatwa yote, na mbuzi walikuwa wakilala mahali pa mashine. Nguzo ya chuma aliyoikata ilikuwa bado imesimama, fupi, inafika kwenye goti langu. Nilipiga magoti nikaigusa. Mkato ulikuwa umenyooka kama mstari uliochorwa kwa rula. Mlango wa nyumba yetu aliukata yeye; naujua mkono wake. Mlevi hakati hivyo.

Pale ndipo nilipoamua. Sitasema niliomba hekima au nguvu. Nilitaka yule mtu asimame mbele ya watu wale wale aseme alichofanya, kisha nilitaka apate hasara. Nilianza kumtafutia njia kama vile mtu anavyotafuta kuni, kila siku kidogo.

Mume wangu alipenda vitu vilivyosahauliwa. Jumapili, badala ya kwenda kutazama mpira, alikuwa akizunguka mji kutazama yaliyobaki ya viwanda, na wakati mwingine alinichukua. Alinionyesha tanuri la mkate kule Birere, nyuma ya meza za viatu vya mitumba, ambamo sasa mfanyabiashara mmoja anafungia magunia yake. Alinionyesha bohari lililozama kwenye lava hadi madirishani, na watu wanaoishi ndani yake wanaingia kwa dirisha, na wanaliita mlango. Kwenye barabara ya Rutshuru kuna tangi la mafuta ambalo mtu amelifanya banda la kuku. "Ona," alikuwa akisema, "nani alibeba hii hapa? Na kwa mikono gani?" Hakuvikata vyote alivyovijua. Vingine aliviacha.

Kimoja kati ya hivyo alinitajia mara nyingi bila kunipeleka: mashine ya kukaushia kahawa, pipa la chuma kubwa kuliko nyumba yetu, ndani ya kiwanda cha wakati wa Wabeleji nyuma ya ziwa la Lac Vert. Patroni alikuwa amesikia habari zake akaitafuta miaka mingi. Mume wangu aliiona, akakataa kumwonyesha. Nilipomuuliza sababu, alisema, "Ile paa imechoka. Inalalia mashine. Mutu akiitoa, atazikwa nayo."

Basi niliitafuta. Barabara ya Sake ilipokuwa wazi nilipanda moto, yaani pikipiki, hadi Lac Vert, kisha nikatembea kwa mguu juu ya lava, viatu vikikatika soli. Barabara ilipofungwa nilizunguka palepale mjini, nikiuliza wazee habari za kahawa. Majirani walianza kunicheka.

"Mujane anatafuta bwana mupya mu magofu!" alisema jirani yangu anayeuza makaa, siku moja nikirudi na vumbi hadi magotini.

"Acha anitafutie na mimi mumoja," mwenzake akamjibu. "Yangu ameshakuwa gofu tayari."

Nilicheka nao. Sikuwaambia kitu.

Niliipata wakati wa mvua, na nilikuwa nimeshapita karibu yake mara nyingi. Lava ya zamani ilikuwa imesimama kama ukuta mbele ya kiwanda, na vichaka vimeota juu, hata kwa mbali unaona kilima tu. Mkulima wa mihogo ndiye aliyenionyesha tundu la kupita. Ndani kulikuwa na giza la kijani na harufu ya popo. Mashine ilikuwepo. Pipa limelala kwa ubavu, lina meno ya gurudumu pembeni kama ya saa, na juu yake nguzo mbili za paa zilikuwa zimevunjika na kuegemea. Mabati yote, mbao zote, mawe yote ya ukuta wa nyuma yalikuwa yamelala kwenye mgongo wa ile mashine. Maji ya mvua yalidondoka. Nilikaa mlangoni nikamlilia mume wangu, sauti kubwa, kwa sababu hapakuwa na mtu wa kuniambia nitulie.

Mwaka wa matanga ulikuwa unakaribia kwisha nilipomwona patroni uani kwangu. Alikuja na sukari na sabuni. Alikuwa amesikia kwamba ninazunguka.

"Shemeki," aliniita hivyo, kana kwamba alikuwa ndugu wa mume wangu, "banasema uko nafahamu fasi ile mashine ya kahawa iko."

"Ninaifahamu."

Alivuta kiti bila kukaribishwa. "Basi tusaidiane. Sisi ni famili. Ndugu yangu angefurahi."

"Ndugu yako alikatala kukuonyesha."

Akacheka kidogo. "Alikuwa na kichwa nguvu."

Nilimwambia ninachotaka. Siku ya kutoa matanga, aliyesema mwanzo anasema tena, na baada yake mjane anavua nguo ya msiba. Nilimwambia aseme kilichotokea kwenye nyumba ya pampu, chote, mbele ya watu, na mama mkwe wangu awepo. Kisha nitampeleka kwenye mashine.

"Niseme nini, mama?"

"Ile unajua."

Alitazama sabuni yake juu ya meza. Nilimwona akipiga hesabu, na sikuwa na huruma. Nilimwambia pia, kwa sababu sikutaka kumdanganya, kwamba mashine ni ngumu kuitoa na paa ni mbaya. Alipunga mkono. "Kutoa ni kazi yangu. Weye onyesha tu."

Alidhani maneno ya matanga huishia kwenye matanga. Watu wanakula, wanakunywa, wanapanda moto, wanarudi nyumbani. Hakukumbuka kwamba wakataji wake wote huja kwenye matanga ya mwenzao, na kwamba wao hawaji kula tu.

Siku hiyo tulifunga turubai uani, shirika letu la parokia likaimba, viti vya plastiki vikajaa. Mama mkwe wangu alikaa mstari wa kwanza. Patroni alisimama na koti lile lile. Alizunguka mbali, akamshukuru Mungu, akashukuru shefu wa avenyi, mkuu wa mtaa wetu, akasifu chakula ambacho hakijaletwa. Nilikohoa.

"Mwaka uliopita nilisema alikuwa amelewa," alisema hatimaye, sauti imeshuka. "Hakulewa. Alitaka tungoje miti. Mimi ndiye nilimuambia akate. Nilisema kamio haitangoja, nikabaki inje na telefone."

Aliyekuwa akigawa soda alisimama na chupa mkononi. Mama mkwe wangu hakulia. Aliinuka, mdogo alivyo, akaenda hadi mbele yake akamtazama usoni muda mrefu, kisha akarudi kukaa. "Aseme tena," aliniambia. "Kuna watu nyuma hawakusikia."

Akasema tena. Nilivua nguo nyeusi, nikavaa kitenge kipya, na kwa mara ya kwanza tangu kifo nilikuwa na ruhusa ya kusema. Nilisema asante kwa waliokuja. Sikuwa na kingine.

Juma lililofuata nilitimiza ahadi. Lori lilitungoja barabarani, na safari hii patroni alikuwa amejaza miti ya mikaratusi nyuma, mingi, mipya, bado inatoa utomvu. Wakataji wanne walibeba mitungi ya gesi juu ya lava wakihema. Niliwapitisha kwenye tundu. Walipowasha tochi zao na kuona mashine, mmoja alipiga mluzi. Kisha mwanga ukapanda juu, kwenye paa, ukakaa huko.

"Simamisheni miti," patroni alisema.

Hakuna aliyesogea.

"Bapapa, nasema simamisheni miti! Safari hii iko, si munaona?"

Mkubwa wao, mzee mwenye kovu la moto shavuni, aliketi juu ya mtungi wake. "Miti iko, patroni," alisema taratibu. "Ni weye ndiye hatuone kama uko."

"Maana yake?"

"Maana yake, leo ingia weye. Ulikuwaga fundi zamani, si ndiyo? Sisi tutasimama inje, tupigepige telefone."

Wengine wakacheka, kicheko kigumu kisicho na furaha. Patroni aliwatukana, kisha akawabembeleza, akawaahidi malipo zaidi, akawatukana tena. Mwishowe alinyakua shalumo, ule moto wa kukatia, akavuta mpira wa gesi hadi mlangoni. Alifika pale kivuli cha paa kinapoanza. Alisimama. Jiwe dogo lilianguka mahali fulani ndani, likagonga pipa, na pipa likalia kwa muda mrefu.

Nitaandika ukweli. Nilitaka aingie. Nilikuwa nimesimama nyuma yake na mikono ndani ya kitenge changu kipya, na moyoni nilikuwa nasema: ingia, ingia, hatua moja tu.

Aligeuka akaniona.

"Mama, ulijua paa iko hivi?"

"Nilikuambia."

"Unataka nikufe?"

Wale wanne walikuwa wanasikiliza. Ningeweza kusema hapana, na wote wangepumua, na angeniamini.

"Leo, ndiyo," nilimjibu.

Aliweka shalumo chini polepole kama kitu kinachoweza kuamka. Alipita karibu yangu bila kunigusa akatoka kwenye mwanga. Wakataji walibeba mitungi yao wakashuka, na kuanzia siku ile hawakumfanyia kazi tena, na wengine mjini walipopata habari hawakutaka kuanza. Lori lake lilirudi na miti tu. Siku hizi anauza simenti, na kila anapopima mfuko kuna mtu anamwambia apime vizuri.

Niliungama kabla ya Pasaka. Nilimwambia padiri yote, hata neno la mlangoni. Aliniuliza kama ninajuta. Nilifikiria mama mkwe wangu alivyopanda gari la Butembo akiwa amenyoosha shingo, nikafikiria yule mtu na mpira wa gesi mkononi.

"Bado, padiri," nilisema.

Alisema nirudi nitakapojuta, na mpaka hapo nisipokee komunyo. Jumapili wenzangu wanapopanga mstari wa komunyo, mimi ninavuta magoti pembeni ili wapite.